Mashairi Niliyomrekebishia Kaka Yangu

Kaka yangu alipoanza kuugua, mtaa wetu ulimsifu. Naliweka hili mbele kwa sababu watu wakisikia kwamba tulichelewa kumpeleka hospitali hudhani tulimficha ndani. Hatukumficha. Alikuwa akiketi mahali pa wazi, kwenye kibanda cha chai kando ya soko la mifugo hapa Garissa, na wanaume wenye ndevu za hina walimzunguka wakitikisa vichwa kwa raha. Walisema Mungu amemfungua ulimi.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na sita. Alitoka upande wa Habaswein, ambako alichunga ngamia wa marehemu baba yetu tangu utotoni. Ukame uliotangulia zile mvua za Elinino uliwamaliza mmoja mmoja. Wa mwisho alianguka akiwa amebakiza hatua chache kukifikia kisima. Kaka alikaa naye mpaka akafa, kisha akapanda lori la mbuzi akaja mjini na fimbo yake tu. Mama alimpa maziwa kabla ya kumsalimia. Hakuuliza habari za ngamia. Miguu ya kaka ilikuwa imeshamwambia.

Mama na mimi tulikuwa mjini tangu baba alipokufa. Yeye aliuza maziwa ya ngamia, mimi nilimsaidia kuyapeleka kwenye nyumba za polisi na walimu, watu waliohamishiwa kwetu kutoka upande wa pili wa daraja la Tana. Upande huo sisi tuliuita Kenya, kana kwamba tulipokuwa sisi palikuwa nchi nyingine. Sikuwahi kuketi darasani hata siku moja. Kiarabu cha kusomea Kurani nilifundishwa na maalim wa mtaa. Kiswahili nilijifunza mwenyewe kutoka kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari, na baadaye kutoka kwenye vitabu chakavu nilivyopewa na mke wa polisi aliyekuwa akinunua maziwa yetu.

Nitasema ukweli kuhusu tabia yangu, kwa sababu ndiyo kiini cha habari hii. Siwezi kuvumilia kitu kilichokosewa. Nikisikia mtu sokoni akisema “kijana yangu iko kwa nyumba” naona haya kana kwamba nimekosea mimi. Nikiandika barua ya mistari mitano naichana mara nne. Huenda aliyesoma shule huweza kukosea na bado akajiona amesoma. Mimi niliamini kosa langu moja tu litatosha kuwafanya watu wagundue kwamba sijui chochote.

Basi kaka alikaa nasi miezi kadhaa akiwa kimya, akishusha na kupakia mbuzi sokoni. Kisha akaanza kusema.

Asiyetujua ni lazima aelewe jambo moja. Ushairi wetu wa Kisomali hausimami kwa vina vya mwisho kama ule wa Kiswahili. Unasimama kwa sauti moja inayorudi katika kila mstari. Mshairi akianza na D, basi D lazima isikike mstari baada ya mstari, hata shairi likifika mistari mia. Mtu anayeweza hivyo bila kujikwaa huheshimiwa. Huitwa kwenye harusi, na huitwa pia pale koo mbili zinapotaka kulipana damu na hakuna anayejua aanzie wapi.

Kaka alianza na D. Alikuwa amekaa juu ya gunia, glasi ya chai ikipoa mbele yake, akasema: dab, dad, dal, daruur, deero. Moto, watu, nchi, wingu, swala. Aliendelea hivyo kwa kasi, macho yake yakitazama ukuta, na palipohitajika neno la kuunganisha hakuliweka. Wanaume waliacha kuzungumza habari za bei.

“Wallahi sikilizeni,” alisema dalali mmoja mzee. “Nimeuza ngamia hapa tangu kabla ya huyu kuzaliwa. Sijasikia kijana akiishika D namna hii.”

“Na wewe umeelewa alichosema?” aliuliza utingo wa lori.

“Shairi likieleweka lote kwa mara moja hilo ni tangazo la serikali.”

Walicheka sana. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kibanda na mtungi wa maziwa, na sikuwa nimeelewa hata kidogo. Lakini sikufikiria kwamba hakukuwa na kitu cha kueleweka. Nilifikiria kwamba mimi ndiye mjinga. Yeye alikulia porini pamoja na wazee wenye lugha nzito, mimi nilikulia mjini kwenye lugha ya kuuzia maziwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, nikachukua daftari, nikaandika yote niliyoyakumbuka.

Hapo ndipo nilipoanza kurekebisha. Nilijiambia kwamba nimeyasikia vibaya, kwa hiyo palipokuwa na pengo nikaweka neno. Kati ya wingu na swala niliweka mvua iliyokataa kunyesha. Kati ya moto na watu niliweka kambi iliyohama. Ikatoka habari ya ukame, nzuri, yenye huzuni, na kila mstari ulikuwa na D yake. Nilifanya hivyo siku baada ya siku. Vijana wa mtaa wakajua nina daftari, wakawa wanapita jioni kabla ya magharibi.

“Abaayo, tusomee ile ya jana.”

Abaayo ni dada. Nikawasomea. Wakasema kaka yako ni hazina. Sitadanganya kwamba sikufurahi. Sifa zilikuwa zake, lakini nilijua ni sentensi zipi zilizowafanya wanyamaze, na hizo zilikuwa zangu.

Siku moja kaka alinikuta nikisoma. Alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho. Vijana walipoondoka aliniambia kwa upole, “Mimi sikusema hivyo.”

“Ni maneno yako, abboowe,” nilisema, kwa neno letu la kumwita kaka. “Nimeyapanga tu.”

“Si yangu. Kuna mtu anayabadilisha yakitoka kinywani mwangu. Nilikuwa nikishuku. Sasa nimesikia kwa masikio yangu.”

“Mtu gani?”

Aligeuza kichwa upande wa kaskazini. Alikuwa akisikiliza kitu. Nilimuuliza anasikiliza nini, akasema kengele. Ngamia wetu huvishwa shingoni kengele za mbao ili mchungaji awafuate kichakani. Alisema kengele za ngamia wetu wote zilikuwa zikilia upande wa kaskazini, na kwamba alizitambua moja moja, kwa sababu alizichonga mwenyewe.

Wale ngamia walikuwa mifupa. Nilijua hivyo, naye alijua hivyo. Nilimwambia ni upepo. Kisha nikafungua daftari nikaandika shairi zuri la kengele za ngamia waliokufa. Nimejaribu kutafuta njia ya kulisema hili bila kujiaibisha, sijaipata. Kaka yangu alinieleza dalili ya ugonjwa wake waziwazi, nami nikaifanya shairi.

Alipoacha kunywa maziwa ya mama, akisema yamechemshwa kwa maneno ya watu, mama alimpeleka kwa maalim. Maalim alimsomea aya kwa siku saba, akampulizia maji, akamgusa kichwa. Siku ya nane alimwambia mama, “Kisomo nimesoma na nitaendelea kusoma. Lakini tumeambiwa tutafute dawa. Mpeleke hospitali.” Baadaye nimesikia watu wa bara wakisema kwamba wagonjwa wetu wanapotezwa na masheikh. Wetu ndiye aliyetuelekeza njia. Aliyempoteza ni mwingine.

Tulikwenda siku ya kliniki. Nilivaa buibui nililolipiga pasi mara mbili, na njiani nilijifunza kimoyomoyo sentensi nitakazozisema. Mkoa wote ulikuwa na muuguzi mmoja tu wa magonjwa ya akili, au angalau ndivyo tulivyoambiwa, na chumba chake kilikuwa mwisho kabisa, kikipakana na wodi ya kifua kikuu. Tulimwita daktari kwa sababu kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari. Alikuwa mtu wa bara, mnene kidogo, mwenye sauti ya kuchoka. Hakujua Kisomali. Kwa kawaida alitafsiriwa na askari wa lango, na siku hiyo askari alikuwa msibani.

“Nani kati yenu anajua Kiswahili?”

“Mimi,” nilisema.

“Vizuri. Umesoma wapi?”

Nilisema shule fulani ya msingi. Nilidanganya kabla kazi haijaanza.

Alimuuliza kaka, kupitia kwangu, kama anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kaka alimtazama, akajibu kwa muda mrefu. Alianza na kengele, akaingia kwenye D, akatoka, akasema kuna watu wamekaa nyuma ya tangi la maji wakiyapokea maneno yake na kuyageuza, akarudi kwenye dab na dad, akataja kisima, akacheka kidogo, akanyamaza. Muuguzi alinigeukia akisubiri.

Nilifikiria mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza lilikuwa kijana mmoja wa mtaa wa pili, mwenye umri kama wa kaka, ambaye watu wake walimfunga mnyororo kwenye mguu wa kitanda, na hakuna aliyekumbuka tena jina lake bali walimwita yule wa mnyororo. Niliogopa neno moja likiandikwa kwenye kadi halitafutika. Hilo la kwanza ningependa liwe ndilo lote. La pili ni kwamba nisingeweza kukaa mbele ya mtu aliyesoma na kusema: moto, watu, nchi, wingu, kucheka, kisima. Angedhani ni Kiswahili changu kilichovunjika.

“Anasema amechoka,” nilijibu. “Anawafikiria sana ngamia wake waliokufa kwa ukame, na wakati mwingine ni kana kwamba bado anazisikia kengele zao.”

“Amesema maneno mengi kuliko hayo.”

“Ni mshairi,” nilisema. “Huzunguka.”

Muuguzi alitabasamu kwa mara ya kwanza. “Mshairi! Na miraa?”

“Hali miraa.”

“Kiswahili chako ni safi sana, binti.”

Mpaka leo nikisifiwa lugha nasikia baridi mgongoni. Aliandika kwamba ni huzuni ya kufiwa na mifugo, akampa vidonge vya usingizi vya wiki mbili, akasema akizidi arudishwe. Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maziwa, aliuliza mwenyewe, “Daktari, kijana yangu iko sawa?” Muuguzi akasema iko sawa, mama. Mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Nje, kaka aliniuliza nilimwambia nini yule mtu.

“Ulichosema.”

Alinitazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa kwa ndani, wala hakuniuliza tena kwa muda mrefu.

Ilipita miezi saba. Sitaisimulia yote. Kila mwezi nilijiambia tutarudi kliniki, na kila mwezi niliona kwamba kurudi ni kukiri kwamba mara ya kwanza nilisema uongo. Mama aliniuliza, akiniita kwa neno la mama kama mama zetu wanavyowaita watoto wao: “Hooyo, daktari alisema akizidi. Huku si kuzidi?” Nami nilimjibu kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba dawa za namna ile huchelewa kufanya kazi. Aliniamini. Mimi ndiye niliyekuwa na lugha.

Kaka aliacha kwenda sokoni. Alianza kuzifuata kengele. Mchana wa jua kali angeondoka kwa barabara ya kaskazini, bila viatu, akitembea kwa hatua ndefu za mchungaji, na madereva wa lori waliomjua wangemrudisha. Mara ya mwisho alirudishwa kutoka mbali sana, karibu na Modogashe, nyayo zake zikiwa zimepasuka. Kwenye kibanda cha chai D zake hazikuwa tena na wasikilizaji. Yule dalali aliyekuwa akimsifu alisema, “Ulimi ukifunguliwa sana akili hutorokea hapohapo,” na watu wakacheka kwa namna ileile waliyocheka siku ya kwanza. Watoto walimfuata wakimwita waali, mwendawazimu. Hakuwatupia jiwe hata mara moja.

Mjomba alikuja kutoka Habaswein na kamba ya kufungia miguu ya mbele ya ngamia ili asiende mbali malishoni. Alimfunga kaka nayo vifundoni. Hakufanya kwa ukatili. Aliweka kitambaa chini ya kamba isimchubue, akajaribu kupitisha vidole viwili ndani yake kama anavyojaribiwa mnyama, na alipomaliza alitoka nje akasimama na uso wake ukutani. Kaka angeweza kutembea hatua fupi, kutoka kwenye mkeka hadi kwenye choo. Niliposikia namna alivyotembea, ule mkokoto, ndipo nilipomwambia mama kwamba tunarudi hospitali. Sikumwambia zaidi.

Tulimpeleka kwa mkokoteni wa punda. Askari wa lango alikuwepo siku hiyo akawa tayari kutafsiri. Alikuwa mtu mwema, lakini kwa kila mgonjwa aliyeletwa yeye alimwambia muuguzi, “Huyu ana jini,” akafunga habari, kwa sababu alikuwa na lango la kulinda. Nilisema nitatafsiri mimi. Muuguzi alinikumbuka. Alitazama vifundo vya kaka, akamfungua kamba mwenyewe, akipiga magoti sakafuni, kisha akauliza lile swali lake la mwanzo.

Kaka alijibu. Nilifungua kinywa, na sentensi nzuri ilikuwa imeshajipanga. Nadhani muuguzi aliiona.

“Binti,” alisema, “usinitafutie maana. Nipe maneno kama yanavyotoka.”

“Hayatakuwa Kiswahili kizuri.”

“Sijaja Garissa kutafuta Kiswahili kizuri.”

Nikampa. Nilisema: moto. Watu. Nchi. Wingu. Swala. Wameyachukua kwenye tangi. Kisima kina meno. Moto tena. Dada anageuza. Kengele ya jike mwekundu, kengele ya yule kipofu, moto.

“Maana yake nini?”

“Sijui.”

“Mara ile ulijua?”

“Sikujua. Niliweka yangu.”

Mama alitutazama kwa zamu. “Umesema nini, hooyo?” Ilinibidi nimtafsirie mama nilichokuwa nimemwambia muuguzi, na hiyo ndiyo tafsiri ngumu kuliko zote nilizowahi kuzifanya. Nilimwambia kwamba mara ya kwanza daktari hakumsikia kaka, alinisikia mimi. Hakupiga kelele. Alivuta mtandio wake mbele ya uso, na ukabaki hapo.

Nilimuuliza muuguzi ile miezi saba ilikuwa na uzito gani. Nilitaka aseme haina. Alinijibu kwamba hakuna anayejua mgonjwa fulani angekuwaje. Alisema tu kwamba maradhi haya yakianza kwa kijana, siku za mwanzo ndizo zenye nafasi kubwa, na kwamba katika muda wake wote hapa hakumbuki kijana hata mmoja kutoka kwetu aliyeletwa mapema na akapatikana mtu wa kumsemea kama alivyo. “Huja wakiwa wamefungwa,” alisema. “Mara ile wako alikuja akitembea.”

Hakusema kwa lawama. Ningependelea lawama.

Alitamani kumpeleka Nairobi, kwenye hospitali yenye madaktari wa kazi hiyo. Akauliza kama kaka ana kipande, kile kitambulisho cha serikali. Hakuwa nacho. Miaka hiyo Msomali asiye na kipande hakulivuka daraja, na ili akipate ni lazima asimame mbele ya kamati ajibu amezaliwa wapi, ni wa ukoo gani, chifu wake ni nani. Muuguzi alimtazama kaka, ambaye wakati huo alikuwa akihesabu ngamia kwa vidole, akalifunga faili. “Basi tutamtibu hapahapa,” alisema.

Alimtibu. Vidonge kwanza, kisha sindano kila mwezi. Wiki za mwanzo kaka alilala tu, mate yakimtoka, mikono ikitetemeka, na mama alidhani tumemuua. Kisha asubuhi moja alionja chai akasema, “Haina sukari.” Mama akaliacha sufuria la maziwa likafurika motoni. Zilikuwa sentensi za namna hiyo tu, fupi, za kawaida, hazina D wala chochote. Hakurudi kuwa yule aliyeshuka kwenye lori. Uso wake ulikuwa mzito na alitembea kama mtu anayevuka maji. Lakini alikuwa akitujibu tulichomuuliza. Siku moja alisema kengele zimesogea mbali, na akaniomba nimwambie daktari hivyo hasa, zimesogea, si kwamba zimekoma. Nilimwambia hivyo hasa.

Mwezi wa tatu wa sindano mvua ikaja. Kila aliyekuwa Kenya miaka hiyo anaikumbuka Elinino. Kwetu, ambako tulikuwa tumeombea maji kwa miaka, yalikuja yote kwa pamoja. Tana ulivunja kingo zake, barabara ya Nairobi ikakatika, ya kaskazini nayo ikawa ziwa, na mji ukabaki kisiwa. Mbuzi waliovumilia ukame walikufa kwa kusimama kwenye tope. Unga ulikuja kwa ndege. Siku ya sindano nilikwenda hospitali peke yangu, maji yakinifika magotini, buibui nimelikunja kiunoni, kuuliza kwanza ili nisimtoe kaka nje bure.

Muuguzi alinifungulia kabati. Lilikuwa na bandeji na chupa moja tupu.

“Haijafika,” alisema. “Lori liko ng'ambo. Wakipakia ndege wanatanguliza chakula na dawa ya malaria. Siwezi kuwalaumu.” Alinipa vidonge vilivyobaki, vya siku nne, vikiwa vimefungwa kwenye karatasi. “Baada ya hapo sina. Na sijui ni lini.”

Nilirudi polepole. Njia nzima nilikuwa nikitunga. Dawa iko njiani. Daktari amesema upumzike mwezi huu, mwili upate nguvu. Amesema unaendelea vizuri kiasi kwamba... Zilikuwa sentensi nzuri kweli, na mama angezipenda.

Kaka alikuwa ameketi juu ya meza, kwa sababu sakafu yetu ilikuwa na maji. “Amesema nini?”

Niliweka vidonge mbele yake. “Amesema hivi ni vya siku nne. Amesema baada ya hapo hakuna, na hajui dawa itafika lini.”

“Hooyo!” mama alinikemea. “Huna kesho ya kumwambia hayo?”

“Mwache,” alisema kaka. Aliuliza tena, nikarudia. Alivihesabu vidonge kwa ule uzito wake mpya. “Basi siku ya tano mniangalie,” alisema.

Tulimwangalia. Siku ya tano hakukuwa na kitu, wala ya sita. Siku ya kumi na moja aliacha chai. Siku ya kumi na nne, mchana, nilikuwa nikitoa maji nje kwa sufuria niliposikia mama akiita, nikakimbia.

Hakuwa amefika mbali. Hapakuwa na mbali pa kufika. Barabara ya kaskazini ilizama mita chache tu kupita nyumba za mwisho, na yeye alikuwa amesimama pale lami inapoingia majini, maji yakimfika vifundoni, akitazama ng'ambo. Mafuriko yaliyoizuia dawa yake isimfikie ndiyo yaliyomzuia na yeye asiondoke. Nilisimama kando yake nikihema.

“Unazisikia?” aliniuliza.

Nilijua jibu ambalo lingemfanya ageuke haraka turudi nyumbani. Nilijua majibu matatu ya aina hiyo.

“Hapana, abboowe. Sisikii kitu. Nasikia maji.”

“Mimi nazisikia.”

“Najua.”

“Zote,” alisema, akaanza kuwataja ngamia mmoja mmoja, kwa majina yao. Sikuwa na daftari. Nilimshika mkono wa shati ili asipige hatua nyingine, nikamsikiliza mpaka jua likageuka.